Rafu ya vitabu imeng'oka ukutani baada ya wiki tatu: kosa ni lipu, fisha au braketi?

#1 Nuru_ya_Dari
Habari wakuu. Wiki tatu zilizopita nilitengeneza rafu ya vitabu kwa mikono yangu, nikaifunga ukutani juu ya meza anayosomea binti yangu. Juzi saa nane usiku tukashtuliwa na kishindo. Rafu chini, vitabu vimetapakaa, taa ya meza imepasuka. Laiti ingekuwa jioni, angekuwa amekaa palepale. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Vipimo ni hivi. Ubao ni chipubodi ya milimita 18, urefu sentimita 120, upana 25. Braketi mbili za chuma za umbo la L, mkono mmoja sentimita 20, mwingine 12. Kila braketi iko sentimita 10 kutoka ncha ya ubao, na imeshikwa ukutani kwa skrubu mbili za milimita 5 kwa 40 zilizoingia kwenye fisha za plastiki (zile plagi za shimoni zinazotanuka skrubu ikiingia) za milimita 8, nazo urefu wake 40. Ukuta ni wa matofali, una lipu na rangi. Leo nimepima vitabu vyote kwenye mizani: kilo 38.

Fisha za juu zimechomoka zikiwa bado zimeng'ang'ania skrubu, na zimetoka na donge la lipu. Za chini zimebaki ukutani, zimepinda tu. Jirani anasema braketi zilikuwa dhaifu, lakini braketi zenyewe ziko vilevile, hazijakunjika popote.

Nataka kujua kilichotokea kabla sijashika drili tena. Binti ameshaniuliza mara mbili rafu inarudi lini.

#2 Biti8
Pole mkuu. Jibu umelileta mwenyewe: donge la lipu. Fisha haikushika tofali, ilishika lipu. Lipu huwa na unene wa milimita 10 hadi 20, na ukuta ukiwa umepinda fundi hujaza zaidi ya hapo ili uso unyooke. Fisha ya milimita 40 ukiianzishia usoni kabisa, nusu yake inakumbatia mchanga na saruji kidogo. Ule mtanuko wake unapasua lipu badala ya kubana tofali.

Toboa kwa kina zaidi, isukume fisha ipite lipu yote, tumia skrubu ndefu. Kazi imeisha.

#3 MamaPacha
Pole kaka, tumshukuru Mungu mtoto hakuwepo. Nina swali moja. Ule mkono wa sentimita 20 uliuweka wapi, ukutani au chini ya ubao?

#4 Nuru_ya_Dari
Chini ya ubao dada, ili ubao ukae juu ya chuma kirefu. Ule wa 12 ndio uko ukutani. Niliona ndivyo inavyoleta maana.

#5 MamaPacha
Basi usitafute mbali. Mkono mrefu hukaa ukutani. Nimefunga rafu saba kwenye nyumba hii na zote nimefuata hivyo, ya kwanza kabisa ina miaka kumi na moja na imebeba mitungi mizito ya udongo. Ubao hauhitaji kushikwa na chuma kirefu, unalala tu. Anayevutwa ni ukuta.

#6 Kimya_Kimya
Nafuatilia. Nina rafu kama hiyo chumbani, na sasa nimeanza kuitazama kwa jicho jingine.

#7 MwalimuWenzo
MamaPacha yuko sahihi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Braketi ni wenzo. Mzigo unasukuma chini mbele ya ukuta, braketi inajaribu kuzunguka ikiegemea ncha yake ya chini, na skrubu ya juu ndiyo inayozuia isichomoke. Kuna nguvu mbili tofauti hapa: ya kushuka chini, ambayo skrubu zote hugawana bila shida, na ya kuvuta nje, ambayo karibu yote inaangukia skrubu ya juu.

Kilo 38 kwa braketi mbili ni 19 kila moja. Katikati ya ubao wa sentimita 25 ni 12.5 kutoka ukutani. Skrubu ya juu, nadhani, iko sentimita 10 juu ya ncha ya chini ya mkono mfupi. 19 mara 12.5 gawanya kwa 10, unapata mvuto wa karibu kilo 24 kwenye fisha moja. Ukigeuza braketi, skrubu inakuwa sentimita 18 juu ya ncha, na mvuto unashuka hadi kilo 13 hivi. Fisha ileile, ukuta uleule.

#8 Kabari
Mwalimu, umesahau ubao wenyewe. Chipubodi ya mita 1.2 kwa 0.25 kwa unene wa milimita 18 ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Halafu umechukulia vitabu viko katikati ya ubao. Nuru, vitabu vyako vilikaaje, vimegusa ukuta au vimepangwa sawa na ukingo wa mbele?

#9 Nuru_ya_Dari
Sawa na ukingo wa mbele. Binti ndiye alivipanga, migongo yote ikawa kwenye mstari mmoja. Vingi vina upana wa sentimita 16.

#10 Kabari
Ndiyo niliyohofia. Kitabu cha sentimita 16 kikigusa ukuta, katikati yake iko sentimita 8 kutoka ukutani. Kikisogezwa hadi ukingo wa mbele wa ubao wa 25, katikati yake inahamia 17. Fanya hesabu ya Mwalimu upya ukijumlisha na ubao: vikiwa mbele, fisha ya juu inavutwa na kilo 34 hadi 35. Vikiwa nyuma, kilo 17 na nusu tu. Mnaona? Nusu ya mvuto inaondoka bila kununua hata skrubu moja.

Siyo lawama kwa mtoto. Vimependeza hivyo, kila mtu hupanga hivyo. Ndiyo maana mimi hupima vitabu kwanza kisha nakata ubao, upana wa kitabu na sentimita mbili za ziada, basi.

#11 Biti8
Wakuu, hesabu nzuri, lakini haifiki kwenye kosa. Fisha ya nailoni ya milimita 8 ikikaa vizuri kwenye tofali gumu lililojaa haing'olewi na kilo 35. Ukitaka kuing'oa unatoka jasho na nyenzo mkononi. Kwa hiyo iwe 13, iwe 35, kama ingeshika tofali ingekuwa bado pale. Turudi kwenye lipu.

#12 MwalimuWenzo
Na kama mvuto ungekuwa 13, hata hiyo lipu ingeibeba. Sote wawili tunaweza kuwa sahihi.

#13 Biti8
Ingebeba miezi, siyo miaka. Rafu iliyo juu ya kichwa cha mtoto haitegemei lipu.

#14 Msasa_Laini
Naomba niongeze jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Skrubu ni 40, fisha ni 40, na braketi ina unene wa milimita tatu hivi, sivyo? Basi ndani ya fisha imeingia milimita 37. Fisha nyingi hutanuka zaidi kwenye ncha ya ndani, kule skrubu inakomaliza. Skrubu isipofika mwisho, ile sehemu ya kubana haijafunguka. Kanuni niliyofundishwa na aliyenifunza kazi ni kujumlisha urefu wa fisha, unene wa unachofunga, na unene wa skrubu yenyewe. Yaani 40 na 3 na 5, jumla 48. Ulihitaji skrubu ya 50.

#15 Nuru_ya_Dari
Braketi ni milimita 3 kamili. Hilo la kujumlisha sikulijua kabisa. Asante.

#16 Jiwe_la_Pembeni
Ungetupia picha ya mashimo mkuu. Au chukua waya mwembamba, uuchome taratibu kwenye kila shimo la juu, utuambie unakutana na nini na kwa kina gani. Kama utatoboa shimo dogo la majaribio pembeni, angalia rangi ya vumbi: la kijivu au jeupe bado uko kwenye lipu, likigeuka jekundu umeingia tofali la kuchoma. Likibaki la kijivu huku drili ikizidi kuwa nzito, ni tofali la saruji. Drili ikichomoka mbele ghafla, kuna uwazi.

#17 FundiRanda
Vijana, natazama tu mnavyochimba. Hizo plastiki hazikuwepo zamani na rafu zilikaa. Tulichonga kigingi cha mti mgumu mkavu, kikachongwa pembe nne, kikagongwa kwenye shimo la duara mpaka kikalia. Pembe zinakula ukuta. Kisha msumari wa skrubu katikati ya kigingi. Nimekuta vigingi vya namna hiyo kwenye majengo niliyokuta yamezeeka kuliko mimi.

#18 Biti8
Shikamoo mzee. Lakini mti hukauka na kusinyaa, shimo linalegea.

#19 FundiRanda
Marahaba. Mti mbichi husinyaa. Nilisema mkavu.

#20 Kimya_Kimya
Swali la kando: kwa nini mnasema fisha? Kwetu tunaita rol plagi. Nilidhani fisha ni kutokana na umbo la samaki.

#21 Jiwe_la_Pembeni
Siyo samaki. Ni jina la mtu, Artur Fischer, Mjerumani, aliyebuni fisha ya nailoni mwaka 1958. Bidhaa ikabeba jina lake na sisi tukalipokea kwa sauti yetu. Huyohuyo alishabuni njia ya kuwasha mwanga wa kamera kwa wakati mmoja na picha inapopigwa, na alipata hataza zaidi ya 1,000 maishani mwake. Na rol plagi unayoisema inatokana na John Joseph Rawlings, Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye plagi zake za kwanza zilikuwa za nyuzi za juti, kabla ya plastiki. Kwa hiyo mzee Randa hayuko mbali na historia: kitu laini kinajazwa kwenye shimo, skrubu inakitanua.

#22 Kimya_Kimya
Asante sana, miaka yote nilikuwa na samaki kichwani.

#23 Nuru_ya_Dari
Nimechoma waya kama alivyosema Jiwe. Shimo la juu kushoto: lipu milimita 25, halafu kigumu. Shimo la juu kulia: lipu milimita 15, kigumu kidogo, kisha kwenye 40 waya unazama hewani. Nimetoboa shimo la majaribio katikati: vumbi la kijivu, kisha jekundu.

Sasa nimechanganyikiwa. Upande mmoja lipu nene, upande mwingine uwazi, na zote mbili ziling'oka.

#24 Jiwe_la_Pembeni
Una matofali ya kuchoma yenye matundu ndani, na shimo la kulia limeangukia kwenye tundu. Hapo fisha ya kawaida ilishika ganda tu. Ulitoboa drili ikiwa kwenye hali ya kugonga?

#25 Nuru_ya_Dari
Ndiyo, kugonga muda wote.

#26 Jiwe_la_Pembeni
Hapo ndipo nadhani tatizo lilipoanzia. Kwenye tofali lenye matundu drili isigonge, izunguke tu, hata ikichukua dakika zaidi. Kugonga kunavunja kuta nyembamba za ndani, shimo linakuwa dogo usoni na pana kama pango nyuma. Fisha inaonekana imebana, kumbe inaning'inia. Mimi niliwahi kuvunja hivyo tundu zima kwenye ukuta wa jikoni, nikaishia kutumia gundi ya nanga ile ya kusindilia, na kichungi cha matundu kinachoingia kwanza shimoni ili gundi isimwagike ndani ya ukuta. Inashika vizuri mno, ila ukishaweka umeweka, haitoki.

#27 Msasa_Laini
Au labda waya ulizama kwenye kiungo cha matofali kisichojazwa vizuri. Uwazi haumaanishi lazima ni tundu la tofali. Mwashi akibania udongo wa saruji, viungo vya kusimama hubaki na mapengo.

#28 Jiwe_la_Pembeni
Inawezekana. Nuru, toboa nyingine sentimita 6 pembeni uone.

#29 MamaPacha
Kabla hajatoboa ukuta kama kichujio, umeangalia nyaya na mabomba? Swichi au soketi iko wapi? Nyaya mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, au hukimbia mlalo kwa usawa wake. Usitoboe kwenye njia hizo. Na nyuma ya ukuta huo kuna nini?

#30 Nuru_ya_Dari
Soketi iko chini kulia, karibu mita moja kutoka rafu, haiko chini yake moja kwa moja. Nyuma ya ukuta ni bafu. Bomba la bafu liko ukuta mwingine, nililiona likiwekwa.

#31 Kabari
Bafu! Lipu ya ukuta wa bafu inaweza kuwa na unyevu unaopenya. Donge lililotoka na fisha, likamue kwa vidole. Linasagika kama vumbi kavu au linashikana?

#32 Nuru_ya_Dari
La kushoto linasagika kirahisi sana, kama mchanga wa ufukweni uliokauka. La kulia gumu.

#33 Kabari
Basi kushoto kuna lipu iliyochoka. Nadhani kushoto ndiko kulikoanza, kulia kukabebeshwa mzigo wote ghafla, nako kukaachia. Tazama mikwaruzo ya rangi ukutani. Kama kulia kuna mkwaruzo wa kuzunguka, ndiyo ushahidi.

#34 Nuru_ya_Dari
Kulia kuna mkwaruzo wa kupinda, kama robo ya duara. Kushoto ni shimo tu lililofumuka.

#35 MwalimuWenzo
Hoja nzuri Kabari. Lakini bado swali la wakati: kwa nini wiki tatu? Lipu mbovu na mzigo uleule vilikuwepo siku ya kwanza.

#36 Msasa_Laini
Plastiki inalegea polepole ikivutwa muda mrefu. Siyo kukatika, inakubali tu. Kila siku kidogo.

#37 Biti8
Au mlango. Nuru, mlango wa chumba uko ukuta uleule? Mlango ukibamizwa kila siku, ukuta unatikisika, lipu inasagika ndani ya shimo.

#38 Nuru_ya_Dari
Uko ukuta uleule, na ndiyo, unabamizwa. Upepo.

#39 Timazi
Nimesoma uzi wote. Nawaheshimu, lakini mnatazama ukuta tu na mmesahau ubao. Chipubodi ya 18 yenye nafasi ya mita nzima kati ya braketi, kilo 38 juu yake! Hiyo inapinda siku ya kwanza na inaendelea kupinda kila wiki, kwa sababu chipubodi chini ya mzigo wa kudumu haiachi kunyong'onyea. Kwa vitabu, chipubodi ya 18 siipi zaidi ya sentimita 60 bila kishikilio. Huko ndiko ziliko wiki tatu zenu. Ubao umepinda kidogo kidogo, ukaziyumbisha na braketi.

#40 MwalimuWenzo
Kupinda katikati kunainamisha ubao kwa urefu wake, siyo kuelekea mbele. Sioni jinsi kunavyovuta fisha nje.

#41 Timazi
Mwalimu, ubao ukipinda katikati, ncha zinainuka kwenye braketi, na skrubu za chini ya ubao zinaing'ang'ania braketi na kuizungusha upande. Fisha inatikiswa kulia na kushoto wakati inavutwa nje. Jaribu kuchomoa msumari kwa kuuvuta tu, kisha jaribu kwa kuuvuta ukiuyumbisha, halafu uniambie.

#42 MwalimuWenzo
Hiyo ya kuyumbisha naikubali kwa sehemu. Ngoja niifikirie.

#43 Timazi
Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, hii utaipenda. Mzigo ukiwa umeenea sawasawa, kupinda hukua kwa nafasi kati ya vishikilio ikizidishwa yenyewe mara nne. Toka sentimita 60 hadi 90, ubao unapinda mara tano zaidi, siyo mara moja na nusu. Unene nao unasaidia kwa kuzidishwa mara tatu: ubao mara mbili kwa unene unapinda sehemu moja ya nane.

Kwa hiyo usiweke braketi karibu na ncha. Ziingize ndani, karibu asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Kwa sentimita 120 ni kama 26. Vipande vinavyobaki nje vinalemea chini na kuinua katikati, mzigo unajisawazisha wenyewe. Ukilinganisha na ulivyofanya, kupinda kunapungua zaidi ya mara tano kwa braketi zilezile mbili.

#44 Kabari
Hii nimeipenda. Ila kwenye ukuta wa jipsamu huna uhuru huo, braketi hufuata nguzo za ndani, na hizo ziko kila sentimita 40 au 60. Jipsamu yenyewe ina unene wa milimita 12 hivi, siyo kitu cha kuamini kwa vitabu.

#45 Nuru_ya_Dari
Wangu si jipsamu. Timazi, nimeuweka ubao sakafuni juu ya matofali mawili, nikapitisha uzi ukingoni. Umebaki na pindo la milimita 6 hata bila mzigo.

#46 Timazi
Hilo pindo halirudi. Ubao huo usiurudishe ukutani. Tafuta plaiwudi ya 18 au mbao halisi ya 25, na ukingo wa mbele gundisha na kupiga skrubu kipande cha mbao cha kusimama, kimo cha sentimita 4. Kipande hicho kidogo kinakaza ubao kuliko unavyodhani.

#47 FundiRanda
Kama ni mbao halisi, tazama duara za ukuaji kwenye ncha. Mbao ikikauka, inajikunja kinyume cha duara zake. Jua itajikunja upande gani kabla hujaifunga, isije ikakuachia bonde ambalo kitu hakisimami. Na varnishi upake pande zote mbili, siyo juu peke yake, maana upande usiopakwa utanywa unyevu na ubao utakunja.

#48 MamaPacha
Mzee hilo la varnishi pande mbili limeniokoa mara nyingi. Asante kwa kulisema.

#49 Jiwe_la_Pembeni
Nuru, lile shimo la sentimita 6 pembeni vipi?

#50 Nuru_ya_Dari
Nimetoboa, bila kugonga safari hii. Lipu 18, kisha vumbi jekundu mpaka kina cha 85, hakuna uwazi. Nimetoboa jingine sentimita 6 upande wa pili: lipu 20, jekundu, gumu mpaka mwisho.

#51 Msasa_Laini
Basi ni kiungo kilicho na pengo, siyo tundu la tofali.

#52 Jiwe_la_Pembeni
Au ulikuwa mtobo wa kugonga uliovunja kona ya tofali. Hata tofali zima linavunjika nyuma likigongwa karibu na ukingo wake. Sijashawishika.

#53 Biti8
Vyovyote iwavyo, safisha vumbi shimoni kabla ya fisha. Puliza kwa mrija, au sugua kwa brashi ya chupa kisha puliza. Fisha ikikaa juu ya vumbi inateleza. Na vaa miwani, usipulize ukiwa umeelekeza uso kwenye shimo.

#54 Nuru_ya_Dari
Nimekaa na majibu yenu usiku mzima. Mpango wangu ni huu, nikosoeni kabla ya Jumamosi:

Mbao ya kubebea, unene 25, urefu sentimita 110, ifungwe mlalo ukutani chini ya ubao kwa skrubu tano. Mbao 25, lipu 25, fisha 40, ncha 5, jumla 95, hivyo skrubu za 100 na fisha ndani kabisa ya tofali. Ubao mpya ni plaiwudi ya 18, upana sentimita 18 tu, na kipande cha mbele cha sentimita 4. Rafu nzima naihamishia pembeni, isiwe juu ya kiti.

#55 MwalimuWenzo
Mbao ya kubebea itabeba mzigo wa kushuka vizuri sana, lakini ukingo wa mbele nao nani anaushika? Ubao uliolala juu ya mbao ya nyuma pekee utapinduka kuelekea mbele. Bado unahitaji braketi.

#56 Kabari
Au uiweke rafu kwenye kona ya ukuta, na mbao ya kubebea ya pili kwenye ukuta wa pembeni. Upande wenye kona hauhitaji braketi kabisa.

#57 Nuru_ya_Dari
Kona haina nafasi. Nitaweka braketi tatu, mkono wa 20 ukutani, ukingo wa kulia na kushoto kwa ule utaratibu wa asilimia 22, na moja katikati. Zitapita juu ya mbao ya kubebea kwa kuichonga kidogo.

#58 Timazi
Braketi ya katikati ni nzuri, lakini ukuta ukiwa na tumbo, itasukuma ubao juu na zile mbili zitabaki hewani. Weka rula ndefu ukutani kwanza. Palipo na pengo weka kabari, usikaze skrubu mpaka braketi ikakunjwe kufuata ukuta.

#59 MamaPacha
Na usipime kutoka sakafuni. Sakafu nyingi hazijalala sawa. Chora mstari mmoja kwa pima maji. Ukishachora, geuza pima maji kichwa kwa mguu, ipime tena mstari uleule. Povu likikaa mahali pengine, pima maji yako inadanganya na inabidi uchukue katikati ya mistari miwili. Kama huiamini kabisa, mpira mwembamba unaopitisha mwanga ukiwa na maji, ncha mbili juu, usawa wa maji haudanganyi.

#60 FundiRanda
Mpira wa maji. Hapo umesema, mwanangu.

#61 Nuru_ya_Dari
Kazi imefanyika Jumamosi. Mashimo yote kwa kuzungusha tu, yamesafishwa, fisha zimezama ndani. Shimo moja kati ya matano lilikuwa laini, nikaliacha na kusogea sentimita 5. Kabla ya vitabu niliweka madumu manne ya maji ya lita 20, kilo 80 jumla, nikasafisha sakafu chini yake na kufunga chumba siku mbili. Haikusogea.

Kisha vitabu. Binti amevipanga mwenyewe, vimegusa ukuta vyote. Nilimweleza ile hesabu ya 8 na 17, akachukua rula akaipima mwenyewe. Nawashukuru wote.

#62 Biti8
Hongera mkuu! Umeona sasa, lipu.

#63 MwalimuWenzo
Hongera. Na umegeuza braketi, na umepunguza upana, na vitabu viko nyuma. Umebadilisha mambo yote kwa pamoja, kwa hiyo hatutajua lipi lilikuwa lenyewe.

#64 Timazi
Siku mbili za maji hazijaribu kunyong'onyea. Chora mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa chini ya ubao, na mwingine pembeni mwa braketi. Pima kila wiki.

#65 Kimya_Kimya
Mimi jana nilishusha vitabu vyangu vyote na kufungua braketi. Skrubu ya juu imetoka na fisha yake kwa vidole viwili, bila bisibisi. Nimekaa kitandani nikiitazama. Asanteni wote, kweli.

#66 MamaPacha
Kimya, umefanya vizuri sana. Usirudishe kitu mpaka utoboe upya.

#67 Nuru_ya_Dari
Ripoti ya siku ya tisa. Mstari wa penseli: kushoto hakuna kitu. Kulia ubao umeshuka chini ya mstari kwa nusu milimita, nimepima mara tatu. Braketi haijaachana na ukuta hata kidogo, kipande cha karatasi hakiingii. Je, huo ni ubao, ni fisha, au ni mbao ya kubebea imekauka?

#68 Timazi
Ubao unajilaza. Kawaida.

#69 Biti8
Kulia ndiko kulikokuwa na lile pengo. Kaza skrubu za mbao ya kubebea robo mzunguko, uone kama zinakubali.

#70 FundiRanda
Mbao ilikuwa kavu ulipoifunga?

#71 Nuru_ya_Dari
Niliinunua wiki hiyohiyo mzee. Sikuiuliza.

#72 FundiRanda
Basi usikaze kitu bado. Pima tena Jumapili, uniletee hiyo nusu.